Arthur Cecil Pigou: Mshairi Aliyehesabu Hasara ya Jirani

Wanafunzi wa fasihi hawana mazoea ya kulitaja jina la Arthur Cecil Pigou. Jina hilo limehodhiwa na wanauchumi, nao hulikumbuka kila unapozuka mjadala kuhusu moshi wa viwanda, maji machafu yanayomwagwa mitoni au msongamano wa magari mijini. Hata hivyo, miongoni mwa tuzo alizozipata mtu huyu ujanani, iliyong'aa zaidi haikuhusu fedha wala biashara. Mwaka wa 1899, akiwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Cambridge nchini Uingereza, alitunukiwa Nishani ya Dhahabu ya Chansela kwa shairi la kumsifu Mfalme Alfred, yule mtawala wa kale ambaye Waingereza humwita Mkuu. Mwaka wa 1901 alichapisha kitabu kuhusu mafundisho ya dini katika kazi za mshairi Robert Browning. Kwa hivyo, mtu aliyekuja kuwafundisha wenzake namna ya kuhesabu hasara inayompata jirani aliingia katika taaluma hiyo kupitia mlango wa fasihi.

Pigou alizaliwa tarehe 18 Novemba 1877 katika mji wa Ryde, kisiwani Wight, kusini mwa Uingereza. Baba yake alikuwa afisa wa jeshi, wa ukoo uliotokana na Waprotestanti wa Ufaransa waliokimbia mateso ya kidini. Alisoma katika shule ya Harrow, alikosoma baba yake pia, na huko akawa kiranja mkuu. Baadaye alijiunga na King's College, Cambridge, akasomea historia na kuhitimu katika daraja la kwanza. Mwaka wa 1900 alipata daraja la kwanza tena, safari hii katika falsafa na maadili. Wakati huo uchumi ulifundishwa chini ya mbawa za taaluma hiyo, kwa kuwa Cambridge haikuwa bado na mtihani wa uchumi unaojitegemea. Alikuwa pia mzungumzaji hodari, akachaguliwa kuwa rais wa chama cha mdahalo cha wanafunzi. Mwaka wa 1902, baada ya jaribio la kwanza kushindwa, aliteuliwa kuwa mwanazuoni wa King's College. Chuo hicho kikawa makao yake hadi kufa.

Ni jambo la kujiuliza kwa nini kijana mwenye kipawa cha ushairi aliamua kuzama katika hesabu za bei na mishahara. Jibu limo katika kurasa za mwanzo za kitabu chake kikuu, ambamo anaeleza kwamba chimbuko la elimu ya uchumi si mshangao wa mwanafalsafa, bali ni uchungu anaoupata mtu anapoona uchafu wa vichochoro vya maskini na maisha yaliyonyauka bila furaha. Aliamini kwamba elimu ina haki ya kutafutwa kwa ajili ya nuru inayoitoa, lakini katika uchumi matunda ndiyo yanayotangulia nuru. Msimamo huo haukumfanya mwanaharakati. Ulimfanya mtu wa kuuliza, kwa kila tendo la kibiashara, ni nani mwingine anayeguswa nalo na kwa kiasi gani.

Mwalimu wake alikuwa Alfred Marshall, bingwa wa uchumi wa zama hizo. Marshall alipostaafu mwaka wa 1908, Pigou alikabidhiwa kiti chake cha uprofesa akiwa na umri wa miaka 30 tu, jambo lililowachoma baadhi ya wazee waliokingojea kiti hicho. Alikikalia kwa miaka 35. Heshima yake kwa Marshall haikupungua maisha yake yote. Aliwaambia wanafunzi mara kwa mara kwamba kila kitu kimo katika vitabu vya mzee huyo. Kwa upande mwingine, alikuwa mkarimu kwa vijana. John Maynard Keynes alipoanza kufundisha Cambridge, Pigou ndiye aliyemlipa pauni 100 kwa mwaka kutoka mfukoni mwake mwenyewe. Ukarimu huo unafaa kukumbukwa, maana kisa cha Pigou na Keynes kiliishia pengine.

Mwaka wa 1912 Pigou alichapisha kitabu kuhusu utajiri na ustawi, akakipanua baadaye kuwa *The Economics of Welfare*, kilichotoka mwaka wa 1920. Wazo kuu la vitabu hivyo ni rahisi kulieleza, ingawa halikuwa rahisi kulipata. Mtu anapofanya jambo kwa faida yake, gharama anayoiona ni ile inayotoka mfukoni mwake. Lakini huenda tendo lilo hilo likamgharimu mtu mwingine asiyekuwemo katika mapatano. Pigou alitoa mifano ya shambani na mjini: cheche za garimoshi zinazoiteketeza misitu kando ya reli, sungura wanaofugwa kwa ajili ya mawindo ya tajiri mmoja wakavamia shamba la jirani, magari yanayoichakaza barabara ambayo wenye magari hawakuijenga. Ipo pia mifano ya heri, kama vile taa ya mlangoni mwa nyumba ya mtu inayomwangazia mpita njia asiyelipa chochote. Pigou alitenganisha kile kinachompata mtendaji na kile kinachoipata jamii nzima. Pengo lililoko kati ya viwili hivyo ndilo lililokuwa shughuli yake ya maisha.

Wanauchumi wanaoandika kwa Kiswahili hulitafsiri pengo hilo kwa namna mbalimbali, na mara nyingi neno linalochaguliwa ni gharama za nje. Istilahi hiyo inaleta utata, kwani msomaji anaweza kudhani kwamba ni gharama za nchi za ng'ambo. Pengine sarufi ya Kiswahili yenyewe ina jibu bora. Mnyambuliko wa kitenzi unatuwezesha kutofautisha mtu anayebeba, anayembebesha mwenzake na anayebebeshwa. Gharama za kubebeshwa ndizo alizozizungumzia Pigou: mzigo uliotua kichwani mwa mtu ambaye hakuulizwa. Wahenga waliliona jambo hili waliposema kwamba wapiganapo fahali wawili ziumiazo ni nyasi. Tofauti ni kwamba wahenga walizihurumia nyasi, ilhali Pigou alitaka kujua ni nyasi ngapi.

Kati ya kitabu cha kwanza na cha pili kulitokea Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia. Pigou alikataa kuua kwa sababu za dhamiri, lakini hakukaa kitako. Wakati wa likizo za chuo alijiunga na kikosi cha ambulensi kilichoanzishwa na waumini wa Marafiki, dhehebu ambalo Wakenya wanalifahamu kupitia Kaimosi, akawa dereva wa kubeba majeruhi karibu na uwanja wa vita. Profesa wa Cambridge alishika usukani katika barabara zilizochimbika kwa mizinga, nyuma yake wakilala watu ambao kila dakika ilikuwa na thamani kwao. Si lazima kudai kwamba mfano wa barabara alioutoa mwaka wa 1920 ulizaliwa huko. Wenzake, hata hivyo, walikiri kwamba vita vilimbadilisha. Kijana mchangamfu wa midahalo alirudi akiwa mtu mkimya, mwenye kujitenga, asiyejali mavazi yake.

Mfano wenyewe umo katika toleo la kwanza la *The Economics of Welfare*, nao unachukua nafasi ndogo sana. Pigou anamtaka msomaji afikirie barabara mbili zinazotoka mahali pamoja na kufika mahali pamoja. Watu wakiachiwa wachague wenyewe, magari ya farasi yatajigawa hadi taabu ya kupita njia hii ilingane na taabu ya kupita njia ile. Hapo kila dereva ataona kwamba hana sababu ya kuhama. Pigou anaonyesha kwamba utulivu huo unaweza kuwa wa hasara. Huenda magari machache yakihamishwa kutoka njia iliyosongamana, wale wanaobaki wakapata nafuu kubwa, huku njia ya pili ikiongezewa taabu ndogo tu. Hakuna dereva atakayehama kwa hiari ili wengine wafaidike. Kwa hiyo ushuru uliopimwa vizuri, ukitozwa katika njia yenye msongamano, unaweza kuleta hali bora kuliko ile iliyojiunda yenyewe.

Hesabu ndogo ya kubuni itasaidia. Tuseme magari 1,000 yako barabarani asubuhi, na kila moja linatumia dakika 20 kufika mjini. Gari moja zaidi likiingia, kila gari lililotangulia linacheleweshwa kwa sekunde 2. Dereva mgeni anahesabu dakika zake 20 na kuridhika. Hazioni sekunde 2,000 alizozitawanya kwa wenzake, ambazo zikikusanywa ni zaidi ya dakika 33. Hakuna aliyeziona, kwani nani hulalamikia sekunde 2? Ndiyo sababu kila mtu aliyekwama katika msongamano hujiona kuwa amekosewa, asijione kuwa yeye pia ni mkosaji.

Msomaji wa Nairobi hahitaji kubuni barabara mbili. Tangu mwaka wa 2022 Barabara ya Expressway, yenye urefu wa kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, imekuwa ikipita juu ya njia ile ile ambayo magari yasiyolipa hupita chini yake. Lakini ilipofunguliwa, ada yake ilipangwa kulingana na aina ya gari na umbali, si saa ya siku. Tena inalipa anayeikimbia foleni, si anayeirefusha. Mfano wa Pigou ulikuwa kinyume cha hayo.

Swali la kipimo lilimkera Pigou kuliko wafuasi wake wengi wanavyokumbuka. Hakutaka wazo lake libakie kuwa tamathali. Popote alipopata takwimu za kuaminika, alizitumia. Ushahidi mzuri zaidi hauko barabarani bali katika beseni la kufulia nguo. Mwaka wa 1918 bodi ya ushauri kuhusu uchafuzi wa hewa katika jiji la Manchester ilifanya uchunguzi ili kujua moshi unawagharimu wakazi kiasi gani. Familia 100 za wafanyakazi wa Manchester, jiji la viwanda na masizi, zililinganishwa na familia 100 za hali kama yao katika mji wa Harrogate, wenye hewa safi. Ikabainika kwamba kila nyumba ya Manchester ilitumia peni saba na nusu zaidi kila wiki kwa sabuni na nishati ya kufulia. Katika jiji la watu robo tatu ya milioni, hasara hiyo ilipita pauni 290,000 kwa mwaka. Pigou aliiweka hesabu hiyo katika kitabu chake, naye hakuficha kilichoachwa nje: kazi ya ziada ya kufua haikuhesabiwa hata kidogo.

Hapo ndipo penye uzito. Sabuni ilihesabiwa kwa kuwa ina bei dukani. Mikono iliyoisugua haikuhesabiwa kwa kuwa haikulipwa, na mikono hiyo kwa sehemu kubwa ilikuwa ya wanawake. Wapimaji wa msongamano wa magari walikuja kukutana na kizingiti kile kile. Dakika iliyopotea lazima ibadilishwe kuwa fedha ndipo ijumlishwe, na njia ya kawaida ni kuilinganisha na mshahara. Kwa kipimo hicho dakika ya mkurugenzi huwa nzito, na dakika ya mama anayewahi soko alfajiri huwa nyepesi, ingawa wote wawili wamekwama katika foleni moja. Pigou alilitambua tatizo la namna hiyo mapema, maana alishikilia kwamba shilingi moja ina maana kubwa zaidi kwa maskini kuliko kwa tajiri. Msimamo huo uliwaudhi wanauchumi wengi waliomfuata, waliodai kwamba furaha ya watu wawili haiwezi kulinganishwa kisayansi. Huenda walikuwa sahihi kimantiki. Lakini kukataa kulinganisha hakumwondolei mtu ulazima wa kuamua, na jiji halingoji.

Mwaka wa 1924 mwanauchumi wa Marekani Frank Knight aliushambulia mfano wa barabara mbili. Hoja yake ilikuwa kwamba tatizo halitokani na soko bali na kukosekana kwa mwenye mali. Barabara nzuri ingalikuwa na mmiliki, mmiliki huyo angalitoza ada, na ada hiyo ingalikuwa sawasawa na ushuru anaoutaka Pigou. Ilikuwa hoja kali, ingawa ilihitaji mmiliki asiye na uwezo wa kuwakamua wasafiri apendavyo, sharti ambalo si rahisi kulipata kwa barabara za mjini. Pigou hakuingia ulingoni. Katika matoleo yaliyofuata ya kitabu chake, barabara mbili hazikuonekana tena. Alikuwa mtu wa kufuta mstari kuliko kuugombania, tabia ambayo huenda aliirithi kutoka siku zake za ushairi. Katika kisa hiki, bila shaka, alifuta mapema mno.

Miaka iliyobaki inaweza kupitiwa kwa haraka. Alihudumu katika kamati za serikali kuhusu fedha na kodi ya mapato, kazi ambayo hakuipenda. Alipenda milima zaidi, naye aliwachukua vijana wengi kupanda Alpi pamoja na vilima vya kaskazini mwa Uingereza alikokuwa na nyumba, hadi maradhi ya moyo yalipoanza kumzuia mwishoni mwa miaka ya 1920. Mwaka wa 1936 Keynes, yule aliyewahi kulipwa kutoka mfukoni mwa Pigou, alitoa kitabu kilichomfanya Pigou kuwa kielelezo cha uchumi uliopitwa na wakati. Pigou alijibu kwa tahakiki chungu. Alistaafu mwaka wa 1943, na Keynes akafariki mwaka wa 1946. Kisha mwaka wa 1949 mzee huyo alisimama mbele ya wanafunzi wa Cambridge, katika mihadhara iliyochapishwa mwaka uliofuata, akakiri kwamba hapo awali hakukipa kitabu cha Keynes thamani kilichostahili. Hapakuwa na mtu wa kumlazimisha, wala marehemu hakuwapo kusikia.

Ungamo lake jingine halijulikani sana. Mwaka wa 1954, katika makala kuhusu dola na ustawi wa wananchi, alikubali kwamba ni nadra watu kuwa na maarifa ya kutosha kuamua serikali iingilie kati wapi na kwa kiwango gani ili kuziba lile pengo alilolielezea ujanani. Wapinzani wa kodi wamelifurahia ungamo hilo. Hata hivyo, kusema kwamba kipimo hakijapatikana si kusema kwamba mzigo haupo. Familia za Manchester zilikuwa zikinunua sabuni kabla ya bodi kuwauliza.

Pigou alifariki Cambridge tarehe 7 Machi 1959, akiwa na umri wa miaka 81, bila mke wala mtoto. Mwaka uliofuata Ronald Coase alitoa hoja nzito dhidi yake, akiirudia mifano ya reli na cheche, wakati ambapo mwenyewe hangeweza tena kujibu wala kufuta. Kwa upande wa barabara mambo yalikwenda kinyume. Katika mwaka ule ule wa 1959, mwanauchumi William Vickrey aliieleza kamati ya bunge la Marekani jinsi vyombo vya kielektroniki vinavyoweza kulitambua kila gari linaloingia katikati ya jiji la Washington na kulitoza kulingana na saa na mahali. Mwaka wa 1961 Alan Walters alichapisha uchunguzi uliotumia takwimu za kasi na wingi wa magari ili kukadiria gharama anayobebeshwa kila dereva na mwenzake. Serikali ya Uingereza ilipata ripoti yake kuhusu suala hilo mwaka wa 1964, ikakaa nayo kwa muda mrefu. Singapore ndiyo iliyothubutu kwanza, mwaka wa 1975, kwa leseni za karatasi zilizobandikwa katika vioo vya magari. London ilifuata mwezi wa Februari 2003, kisha Stockholm, na hatimaye New York mwezi wa Januari 2025, miaka zaidi ya 100 tangu barabara mbili za Pigou zichorwe.

Anayetaka kuusoma mfano huo kwa maneno ya Pigou mwenyewe itambidi alitafute toleo la kwanza la mwaka wa 1920. Toleo la nne, la mwaka wa 1932, ndilo lililozoeleka zaidi katika maktaba, na ndani yake barabara hizo hazimo.